Umeandika "mum", Simu Imekupeleka Wapi? Namna Kisanduku cha Anwani Kinavyokisia Tovuti Unayoitaka



Kila yanapotoka matokeo ya kidato cha sita, maswali tunayoletewa hubadilika sura. Ya ndoa na mirathi hupungua kidogo, yakaingia ya wazazi wanaotafuta pa kumpeleka mtoto. Na wazazi wengi wa Unguja na Pemba macho yao huelekea Morogoro, kwa sababu chini ya milima ya Uluguru viko vyuo vikuu vinavyojulikana sana huku visiwani. Kipo Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, MUM, pale Msamvu, kilichoanza mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha TANESCO. Kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilichoanzishwa 1984. Na kipo Mzumbe, nje ya mji kwa njia ya Iringa, kilichokuwa chuo kikuu mwaka 2001.

Barua mbili za msimu uliopita ndizo zilizotufanya tuandike makala hii. Ya kwanza ni ya baba mmoja wa Pemba. Alitaka kumuombea binti yake nafasi MUM, akafungua simu, akaandika "mum" pale juu kabisa panapoandikwa anwani, akabonyeza, akaingia katika ukurasa wa kwanza uliotokea. Ukurasa ulikuwa na picha ya wanafunzi wenye majoho, jina la chuo kwa herufi kubwa, na namba ya kutumia pesa. Akatuma. Siku zikapita, hakuna jibu, na alipopiga simu chuoni akaambiwa jina la binti halimo. Kumbe ule ulikuwa ukurasa wa mtu anayejiita wakala. Swali lake: "Mimi niliandika jina la chuo kwa mkono wangu. Vipi simu ikanipeleka kwengine?"

Barua ya pili ni ya mama wa Unguja. Mwanawe anayesoma Morogoro alirudi likizo, mama akaiazima simu yake kutafuta jambo, na alipoandika herufi mbili tu simu ikampendekezea neno ambalo hawezi kulitamka mbele ya watu. Alipotuandikia, alikuwa hajasema na mwanawe siku ya tatu. Anauliza kama hiyo ni dalili tosha kwamba kijana anaangalia mambo machafu.

Barua mbili hizi hazifanani hata kidogo, lakini shina lake ni moja. Wote wawili walidhani kile kisanduku cha juu ya kivinjari kinajua. Nacho hakijui, kinakisia.

Kisanduku kimoja, kazi mbili

Wakubwa wenzetu watakumbuka kwamba zamani kivinjari kilikuwa na sehemu mbili juu. Moja ya kuandika anwani ya tovuti, nyengine ndogo pembeni ya kutafutia. Aliyejua anwani aliandika huku, asiyejua akauliza kule. Mwezi wa Septemba 2008 Google walipotoa kivinjari chao cha Chrome, walizichanganya sehemu hizo zikawa kisanduku kimoja, na vivinjari vyengine vikafuata njia hiyo. Ni rahisi, hatukatai. Lakini tangu hapo kila unachokiandika lazima kwanza kitolewe hukumu: hii ni anwani, au ni swali?

Hukumu hiyo hutolewa kwa kuangalia umbo la maandishi, si maana yake. Ukiandika neno moja lisilo na nukta, mfano "mum" au "mzumbe", kivinjari kinalihesabu kuwa ni swali, na kinalipeleka kwenye mtambo wa kutafutia, ambao kwa simu nyingi za kwetu ni Google. Ukiandika "mum.ac.tz", kinaona nukta, kinaona mwisho wake ni mkia unaotambulika, basi kinakwenda moja kwa moja bila ya kumuuliza mtu. Ukiacha nafasi katikati, "mum ac tz", limerudi kuwa swali.

Hiyo nafasi ndiyo inayowaponza wengi kwenye simu. Kibodi za simu zina tabia ya kutia nafasi zenyewe kila unapochagua neno linalopendekezwa, na nyengine hutia nafasi baada ya nukta kwa kudhani umemaliza sentensi. Mtu ana hakika ameandika anwani kamili, kumbe ameandika "mum.ac. tz", na kivinjari kimelichukua kama swali. Ukiona baada ya kubonyeza umeletewa orodha ya majibu badala ya ukurasa wa chuo wenyewe, jua kwamba anwani yako haikufahamika kuwa ni anwani.

Basi baba wa Pemba jibu lake limeanza kuonekana. Yeye hakuandika jina la chuo kwa kivinjari. Aliuliza swali la herufi tatu, na akaletewa majibu. Juu ya majibu hayo huweza kukaa matangazo yaliyolipiwa, yenye neno dogo tu la kuonyesha kuwa ni tangazo, na anayelipa si lazima awe mwenye jina. Akachukua la kwanza. Hakuna aliyempeleka kwengine. Aliuliza njia sokoni akamfuata wa kwanza aliyejibu.

Visima viwili vya makisio

Kukisia hakungoji hata umalize kuandika. Unaanza herufi ya kwanza, tayari orodha imeshuka chini. Orodha hiyo inatoka katika visima viwili tofauti, na mtu akivichanganya ndipo zinapozaliwa fitna za majumbani.

Kisima cha kwanza ni kumbukumbu za simu yenyewe: kurasa ulizowahi kufungua, ulizoziwekea alama, na maneno uliyowahi kuyatafuta. Chukua mfano wa nyumba ambayo mtoto mkubwa alisoma SUZA, chuo chetu cha taifa hapa Zanzibar. Simu ya baba imefungua suza.ac.tz mara nyingi sana, kutafuta matokeo, ada, ratiba. Sasa mtoto wa pili anaombewa SUA ya Morogoro. Baba anaandika "su", na kabla hajaongeza herufi ya tatu, kisanduku kimeshamalizia "suza.ac.tz" kwa rangi ya kuiva. Akibonyeza kwa haraka amekwenda Zanzibar badala ya Morogoro. Vyuo vyote viwili ni vya kweli, hakuna udanganyifu. Kisanduku kimemkisia kwa mazoea yake.

Mazoea yanapimwa kwa mambo mawili: umefungua mara ngapi, na umefungua lini. Watengenezaji wa Firefox ndio walioitangaza sana njia hii katika toleo lao la tatu la mwaka 2008. Ukurasa uliofunguliwa mara nyingi na karibuni unapanda juu. Uliofunguliwa mara moja mwaka jana unazama. Na ukurasa ulioufikia kwa kuandika anwani yake mwenyewe unapewa uzito zaidi kuliko ulioufikia kwa kubonyeza kiungo. Vivinjari hukumbuka hata kwamba ukiandika herufi fulani huwa unachagua pendekezo fulani, na mara nyengine hukuletea hilo hilo mbele.

Tunalisisitiza hili kwa sababu lina madhara. Kosa la mara ya kwanza linaota mizizi. Baba aliyeingia kwa wakala mara moja, akarudi mara ya pili kuangalia kama fomu imepokelewa, na mara ya tatu kwa wasiwasi, ameifundisha simu yake kwamba huko ndiko anakotaka. Safari ya nne akianza kuandika "mu", wakala ndiye anayetangulia.

Kisima cha pili ni cha umma. Ukiwa bado unaandika, kabla hujabonyeza chochote, herufi zako zinaweza kuwa zinasafiri kwenda kwenye mtambo wa kutafutia, na mtambo unarudisha orodha ya yale ambayo watu wengi wanayatafuta kwa herufi hizo. Hapa kinachohesabika ni wingi wa watu. Ukiandika "mum" unaweza kuletewa Mumbai, mji wa India wenye watu mamilioni, au habari za zawadi za mama, maana "mum" kwa Waingereza ni mama. Ukiandika "ulu" ukiwa na nia ya kusoma kuhusu Uluguru, usishangae kupewa Uluru, ule mlima wa jiwe wa Australia. Wanaouliza kuhusu Uluru duniani ni wengi kuliko wanaouliza kuhusu milima ya Waluguru, basi. Mtambo haukukosea hesabu. Ni sisi tuliofikiri unatusoma nia.

Jibu kwa mama wa Unguja

Ndugu yetu, tunakuomba usome sehemu hii polepole.

Neno uliloliona linaweza kuwa limetoka katika kisima cha pili, yaani kwa umma, na mwanao asiwe na habari nalo kabisa. Njia ya kutambua ni kuangalia alama ndogo iliyo kando ya pendekezo. Kwa kawaida katika Chrome, alama ya saa ina maana kwamba neno hilo liliwahi kutafutwa. Alama ya lenzi, ile ya kukuzia maandishi, ina maana ni pendekezo tu lililoletwa na mtambo. Hukutuambia uliona alama gani, na huenda wakati ule hukuangalia. Isitoshe, ukigusa kisanduku kabla ya kuandika chochote, baadhi ya simu huonyesha mambo yanayotafutwa sana nchini siku hiyo. Mitambo huchuja maneno machafu, lakini mchujo wake si wa hakika, na khasa kwa Kiswahili.

Na hata ungeona saa, bado mambo hayajakatika. Simu nyingi za visiwani zilifunguliwa kwa akaunti moja ya familia: baba alitengeneza akaunti ya Google, akaitumia kwenye simu yake, kisha akaitumia tena kwenye simu ya mtoto kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Ikiwa usawazishaji umewashwa, kilichofunguliwa kwenye simu moja kinaweza kuonekana kwenye nyengine. Tumewahi kuona nyumba ambayo mtoto alilaumiwa kwa kurasa zilizofunguliwa na ami yake katika wilaya nyengine. Kisha kuna kurasa zinazojifungua zenyewe mtu anapobonyeza tovuti za mpira au za kupakua filamu. Nazo huingia katika historia kama vile umezitaka. Na bweni la chuo ni bweni: simu inaazimwa.

Hatusemi kwamba kijana hana kosa. Hilo hatulijui, na wewe pia hulijui. Tunachosema ni kwamba kisanduku hakikukupa ushahidi, kimekupa dhana, na waumini tumeonywa juu ya dhana na juu ya kupelelezana kabla ya kuwapo simu kwa karne nyingi. Kuhusu mpaka wa mzazi kumfuatilia mtoto aliyebaleghe, Mashaykh wetu wameshalijibu suala hilo katika milango yake na hatutaki kulirudia hapa. Lililo mikononi mwako leo ni kuzungumza naye, na kuvunja hiyo siku ya tatu.

Mkia wa anwani

Turudi kwenye pesa, maana huko ndiko watu wanakolia.

Kukisia anwani si jambo jipya. Katika miaka ya 1990 kivinjari cha Netscape kilikuwa ukiandika neno moja, kinalitia "www." mbele na ".com" nyuma, kikajaribu kwenda huko. Kwa Mmarekani ilikuwa ni msaada. Kwa mtu wa Morogoro aliyetaka chuo cha Tanzania ilikuwa ni kupelekwa nchi nyengine. Mabaki ya dhana hiyo yapo hadi leo: kwenye kompyuta, ukiandika neno ukabonyeza Ctrl pamoja na Enter, Chrome na Firefox hutia ".com" bila ya kuuliza.

Mwezi wa Septemba 2003, VeriSign, kampuni inayosimamia majina ya .com na .net, iliamua kwamba kila atakayekosea kuandika jina lisilokuwepo ataletwa kwenye ukurasa wao. Dunia nzima ya mtandao ililalamika, na mwanzoni mwa Oktoba wakalazimika kuacha. Makosa ya vidole yana thamani, ndiyo maana yanagombaniwa.

Mfano wa karibu zaidi na sisi ni wa mwaka 2016. Watafiti wa usalama wa kampuni ya Endgame waligundua majina zaidi ya 300 yanayofanana na ya makampuni makubwa, yaliyosajiliwa kwa mkia wa .om. Mkia wa .om ni halali, ni wa Oman, na ndugu zetu wa Maskati wanautumia kila siku. Lakini walioyasajili majina yale hawakuwa na haja na Oman. Walikuwa wakimngojea anayeandika .com akairuka herufi ya c. Aliyeingia huko kwa kompyuta ya Apple aliweza kuambiwa asasishe programu ya Flash, na alichopakua ni programu ya khatari. Herufi moja tu.

Kwa Tanzania mikia inasaidia sana ikiwa mtu anaijua. Majina yote ya .tz yako chini ya msajili wa taifa. Mkia wa .ac.tz ni wa taasisi za elimu na .go.tz ni wa Serikali. Haviuzwi kwa kila mpita njia. Mkia wa .co.tz ni wa biashara, ndiyo maana hata Shirika la Reli, ambalo wazazi wanalitafuta siku hizi kwa tiketi za treni ya umeme kutoka Dar hadi Morogoro, linatumia trc.co.tz. Huo wa biashara anaweza kuupata mtu yeyote mwenye kulipia, kama ilivyo .com. Basi chuo kikuu cha Tanzania kinachokudai ada kwenye ukurasa wa .com kinastahiki kuulizwa mara mbili.

Lakini usome mkia pahala pake. Anwani husomwa kutoka kulia, kuanzia pale kabla ya mkwaju wa kwanza. Tapeli anaweza kuandika jina la chuo, kisha .ac.tz, kisha akaendelea na nukta nyengine na jina lake mwenyewe na .com. Jicho la haraka linaona .ac.tz na kutosheka, kumbe ile ni mapambo ya mbele. Mwenye nyumba ni yule wa mwisho kulia. Kwenye simu ndogo anwani ndefu hukatwa, kwa hiyo iguse uione yote. Wala usitegemee ile alama ya kufuli. Kufuli maana yake ni kwamba mazungumzo kati yako na tovuti yamefichwa wasiyasikie wengine. Haisemi unazungumza na nani, na tapeli naye anaipata. Chrome wenyewe waliiondoa alama hiyo kwenye kisanduku mwaka 2023 kwa sababu watu walikuwa wakiifahamu vibaya.

Tunavyofanya sisi

Anwani ya kulipia pesa hatuitafuti. Tunaiandika yote, mpaka mkia, herufi kwa herufi: mum.ac.tz, sua.ac.tz, mzumbe.ac.tz. Kama kibodi inatusumbua kwa nafasi, tunatia mkwaju mwishoni, "mum.ac.tz/", na kivinjari kinajua kwamba hii ni anwani. Chuo tusichokijua anwani yake tunaanza tcu.go.tz, tovuti ya Tume ya Vyuo Vikuu, ambako vyuo vinavyotambuliwa vimeorodheshwa. Wa mkopo wanaanza heslb.go.tz kwa Bodi ya Bara. Bodi ya Zanzibar ni nyengine na taratibu zake ni nyengine, mzichunge msizichanganye. Mara tu tunapofika pahala sahihi, tunaweka alamisho, ile nyota, na kuanzia siku hiyo tunaingilia hapo.

Kila mtoto awe na akaunti yake. Hili si la gharama, na lingeokoa maneno mengi ndani ya nyumba.

Asiyependa herufi zake zisafiri kabla hajabonyeza anaweza kuzima mapendekezo ya utafutaji katika mipangilio ya kivinjari. Wenye bando dogo wajue pia kwamba Chrome, ikiwa na hakika kubwa na kisio lake, huweza kuanza kuupakia ukurasa kabla hujauchagua. Nalo huzimwa humo humo kwenye mipangilio.

Limebaki swali la mwisho la baba wa Pemba. Aliuliza kama anaweza kumuondoa yule wakala katika simu yake, kwa sababu kila akiandika "mu" anatokea, na anaogopa binti asije akamfuata tena. Ndiyo. Kwenye simu yenye Chrome andika hizo herufi, pendekezo likitokea libonyeze ulishikilie mpaka uulizwe kama unataka kuliondoa. Kwenye kompyuta shuka nalo kwa mshale kisha bonyeza Shift pamoja na Delete. Halafu nenda kwenye historia ukaufute na huko, na kama akaunti iko kwenye simu mbili, angalia ya pili pia. Kisha andika mum.ac.tz kwa mkono mara tatu nne katika siku chache. Wakala atarudi ukimbonyeza tena, hata kwa bahati mbaya. Basi mpe binti simu baada ya kufuta, si kabla.